Firigisi ya Kuku wa Teresa

Makhanu amepikia mikutano mingi pale Khayega. Si mtu wa kusemasema; sufuria humtosha. Umoja wa Majirani aliupenda tangu ulipoanza, mwaka ule vijana walipochoma kibanda cha Rajabu Osundwa kwa sababu ni Mwislamu. Wakristo na Waislamu, Waluhya na Wanandi, waliapa kwamba akionewa mmoja wameonewa wote. Mjane Teresa ndiye aliyemhifadhi Rajabu na wanawe siku zile.

Sasa zamu ilikuwa ya Teresa. Vijana walewale walimwita mchawi, wakampa siku tatu ahame. Aliuomba Umoja jambo moja tu: baada ya mkutano waende naye kwa chifu. Wakikataa, angerudi kwao Bungoma. Alikuja na jogoo wa mchango, na Rajabu akawachinja kuku wote, wa Teresa akiwemo, ili Waislamu nao wale.

Mwenyekiti Philip aliingia jikoni akainama. "Makhanu, ile ingokho, yule kuku wa Teresa, pika kando. Halafu mwaga chooni, wasijue. Unajua vile watu wanaogopa kurogwa."

"Watu gani, mwenyekiti?"

"Aa, wewe nawe! Pika."

Makhanu alihisi kama amemeza nzi. Kupitia dirisha alimsikia Philip akihubiri upendo kwa sauti tamu, watu wakipiga makofi, Teresa akipiga nao.

Alipopakua, jogoo wa Teresa alimweka katikati ya meza. Firigisi, ambayo hupewa mkubwa, akaiweka kwenye sahani ya Philip.

"Imondo yako, mwenyekiti. Ya kuku wa mama Teresa."

Philip akaisukuma sahani. "Leo tumbo linanisumbua kidogo."

"Tangu lini?" Rajabu akauliza. Akaiokota ile firigisi, akaitafuna taratibu huku akimtazama. "Chumvi iko sawa, Makhanu."

Wengine wakafinyanga obusuma, ugali wao, macho chini. Hakuna mkono uliomgusa yule jogoo. Teresa alielewa kwamba Umoja hautaenda naye; akajifunga leso, akasimama.

Makhanu akavua aproni. Hotuba hakuwa nayo. Walitoka watatu kwenda kwa chifu: mjane, mchinjaji na mpishi. Langoni Makhanu akatema mate. Nyuma yao Philip alikuwa akiuliza nani atafunga mkutano kwa maombi.