Linki Chafu na Mama wa Uyole

Baba alinipigia simu asubuhi moja nikiwa ndiyo kwanza nafungua duka. Nilijua kuna jambo, kwa sababu baba hapigi simu kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Aliuliza habari za wajukuu, akauliza kama kwetu Iringa mvua imeanza, kisha akasema, "Ile karatasi yako haionekani."

Karatasi aliyoisema ni tovuti yangu. Baba hajawahi kuiita jina lingine.

Mimi nina duka la dawa za mifugo Ipogolo, kule bondeni inakopita barabara kuu. Wazazi wangu walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakati mimi bado nabebwa mgongoni, wakahamia Usangu, na huko ndiko nilikokulia. Sekondari nilisoma upande wa Tosamaganga. Baadaye nikaolewa na Mhehe, fundi seremala, nikawa mtu wa Iringa. Lakini watu wa Usangu hawakuniacha. Kila wiki walinipigia simu kuuliza mambo yale yale: ndama anakohoa, tezi zimevimba chini ya masikio, hataki kula, nimpe nini? Nikachoka kurudia. Nikaanza kuandika majibu kwa Kiswahili cha kawaida, nikayaweka mtandaoni pamoja na picha nilizopiga mwenyewe kwa simu.

Baada ya miaka kama miwili, mtu yeyote aliyetafuta "ndigana kali", ule ugonjwa wa kupe unaoua ndama, kwenye simu yake aliniona mimi wa kwanza. Nilipigiwa simu na watu wa Njombe, wa Songea, hata wa Tarime. Nakiri kwamba nilivimba kichwa kidogo. Wafugaji walipoingia dukani wakasema wamesoma maandishi yangu, nilijifanya natafuta kitu chini ya kaunta ili wasinione natabasamu.

Sasa baba alikuwa ananiambia kwamba jirani yake alitafuta ukurasa ule, akaletewa mwingine. Huo mwingine ulisema ng'ombe mwenye kupe apakwe oili chafu ya gari mwili mzima. Jirani akampaka mtamba wake. Ngozi ikababuka mgongoni na kwenye kiwele.

"Mtamba anaendeleaje?" niliuliza.

"Atapona," baba alisema. "Nimekuambia tu ili ujue."

Niliacha duka bila kupanga kitu, nikakaa kwenye gunia la pumba, nikatafuta. Kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu sikuwepo. Wa pili sikuwepo. Nilijikuta kwenye ukurasa wa sita, na sijamjua bado mtu anayefika huko. Ule wa oili chafu ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili kutoka juu.

Ilinichukua siku mbili kujua sababu. Mtambo wa kutafutia huwapa wenye tovuti taarifa zao, na ndani ya taarifa zangu kulikuwa na onyo ambalo lilikuwa limekaa karibu mwezi mzima bila mimi kulifungua. Lilisema tovuti yangu ina linki zisizo za kweli. Linki ni pale mtu mwingine anapoandika jambo kwenye tovuti yake, akaweka maneno ambayo msomaji akiyabonyeza yanamleta kwako. Mtambo huichukulia kama ushahidi, kwamba huyu anajulikana na wenzake. Ila hauhesabu mashahidi tu, unawaangalia pia ni watu wa namna gani. Nilipofungua orodha ya mashahidi wangu nikakuta nyumba za kamari, wauza dawa za kuongeza nguvu za kiume, na tovuti za lugha ambazo hata herufi zake sikuzijua. Wote hao, eti, walikuwa wanawaelekeza watu kwenye ukurasa wa ndama wanaokohoa.

Na sikuweza kusema nimeonewa. Miezi kadhaa nyuma, kwenye kundi la simu la wenye tovuti, mtu mmoja alituahidi kwamba kwa linki zake anaweza kumpandisha yeyote awe juu na asishuke. Wakati huo nilikuwa juu tayari. Niliogopa tu kushuka. Nilimlipa, wala sikumuuliza hizo linki anazitoa wapi.

Mchana nilimpelekea mume wangu chakula karakana, nikamweleza yote. Alikula kwanza. Kisha akauliza kama yule mtu anaweza kuzitoa. Nilikuwa nimeshamwandikia. Alinijibu kwamba linki zake ni imara, na kama zimenisumbua ana nyingine bora zaidi za kuzifunika. Nilipomwandikia mara ya pili, meseji haikufika tena kwake.

"Basi tutazitoa wenyewe," mume wangu alisema, kama mtu anayezungumzia mbao zilizopigwa misumari vibaya.

Kazi yenyewe ilichukua karibu mwezi. Njia iko hivi: unapitia linki moja moja, unawaandikia wenye tovuti kwa adabu ukiwaomba waiondoe. Wasiojibu unawaandika kwenye orodha, na mwishoni unaipeleka orodha hiyo kwenye mtambo ukisema hawa siwatambui, msihesabu ushahidi wao. Lakini wataalamu wote niliowasoma walionya jambo moja. Orodha hiyo ni kama sumu ya panya, ukiimwaga ovyo unaua na kuku wako. Ukimkana shahidi wa kweli, unajishusha mwenyewe.

Kila alasiri, wateja wakipungua, mume wangu alikuja dukani na vumbi la mbao kwenye nywele. Yeye alisoma jina la tovuti kwenye kompyuta, mimi nikaandika kwenye daftari. Nilituma barua pepe nyingi sana. Waliojibu hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mmoja alikuwa mzee wa nchi ya mbali mwenye tovuti ya kurekebisha baiskeli. Aliandika kwa Kiingereza kibovu kama changu kwamba hata yeye hakujua kuna ng'ombe kwenye tovuti yake. Mtu alikuwa ameingia na kupanda linki mamia bila ruhusa. Aliziondoa zote, akanishukuru kwa kumwamsha, akaniuliza kama ng'ombe wetu wana nundu. Nikamtumia picha ya dume la baba.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba kazi ile ilianza kunipendeza. Katikati ya takataka kulikuwa na watu. Klabu ya kilimo ya shule fulani ya sekondari ilikuwa imeweka linki yangu chini ya makala ya wanafunzi kuhusu kuogesha mifugo. Kikundi cha akina mama wa Kilutheri waliokopeshana mbuzi wa maziwa walikuwa wameandika, "Tukikwama tunasoma hapa." Nao walikuwa Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, na hawakuwahi kuniambia. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Mume wangu akaniuliza kama naendelea au nalia.

Halafu tukafika kwenye tovuti moja iliyonichosha kwa kuitazama tu. Ilikuwa na rangi ya njano, maandishi yote kwa herufi kubwa, na matangazo yanayowaka na kuzima pembeni, likiwemo la kamari. Sikusita. Nikaiandika kwenye daftari, upande wa wanaokanwa.

"Hii umeisoma?" mume wangu aliuliza.

"Ya nini kuisoma? Si unaiona ilivyo?"

"Ni ya Kiswahili," alisema. "Nyingine zote chafu hazikuwa za Kiswahili."

Akaniachia kiti. Nikasoma. Ilikuwa tovuti ya mama mmoja aliyestaafu kazi ya uafisa mifugo, anaishi Uyole, Mbeya. Aliandika juu ya minyoo, juu ya chanjo, juu ya namna ya kumkamua ng'ombe mkaidi. Na kwenye makala ya ndigana alikuwa ameandika hivi: "YUPO DADA MMOJA WA IRINGA AMEELEZA VIZURI, MSOMENI HAPA. ILA PICHA YAKE YA NNE SI NDIGANA KALI. KINYESI KIKAVU NA KIGUMU NAMNA ILE NI CHA NDIGANA BARIDI, NA DAWA ZAKE SI MOJA. NIMEMWANDIKIA, HAJANIJIBU."

Nikafungua barua pepe zangu, upande ule zinakotupwa barua za matangazo, nikaikuta barua yake. Ilikuwa na zaidi ya mwaka. Nikaifungua picha ya nne. Nilikuwa nimeipiga Usangu, kwa ng'ombe wa mtu, nikaambiwa ni ndigana, nami sikuuliza ndigana ipi. Mwaka mzima nilikuwa nahangaika na nafasi yangu mtandaoni, wakati picha ile ilikuwa juu kabisa na inapotosha. Ni wangapi waliifuata? Sijui mpaka leo, na sina namna ya kujua. Niliiondoa dakika ile ile, nikaandika juu ya ukurasa kwamba nilikosea, nikaeleza kosa lenyewe, nikataja kwamba nimesahihishwa na afisa mifugo mstaafu wa Uyole. Daftarini nikamfuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Mbeya. Ningeweza kumpigia simu, lakini niliona kosa la namna ile haliombewi radhi kwa simu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye banda la ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa gambuti na koti zito la baridi, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha ya nne?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nawa mikono uje huku."

Alinipeleka kwa ndama, akanishika vidole, akavibonyeza chini ya sikio la mnyama. Ndama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye ndigana kali. Tezi ilikuwa bado kubwa na ngumu. Akanihamishia mbele ya bega, nikaikuta nyingine. Alisema ninapoandika watu washike tezi, niandike pia washike wapi, kwa sababu wengi wanapapasa koo na kuondoka. Alifanya kazi miaka mingi, Rungwe kwenye baridi na Usangu kwenye joto, na alichokiona mara nyingi zaidi ni ndama kufa kwa dawa nzuri ya ugonjwa mwingine.

Tulipokaa jikoni, akanipakulia ndizi na maziwa mgando, niliona siwezi kula kabla sijasema. Nikamweleza kuhusu linki chafu nilizozinunua, na kuhusu orodha, na kwamba yeye nilimwandika humo.

"Kwa sababu gani?"

"Matangazo yanayowaka, mama. Na herufi kubwa."

"Matangazo siyaweki mimi, yanajiweka. Herufi kubwa ni kwa sababu ndogo sizioni." Kisha akasukuma bakuli kuelekea kwangu. "Ulitaka kunikana kabla hujanisoma. Kula, ndizi zinapoa."

Nilikula. Sikumbuki lini chakula kilinishuka vizuri namna ile. Jioni, kabla ya kuondoka, nilikaa na kompyuta yake nikaondoa matangazo niliyoweza, mengine yaligoma. Nikamwonyesha pia namna ya kukuza maandishi kwenye kioo bila kuwabadilishia wasomaji. Alifurahi, lakini herufi kubwa hakuziacha. Alisema ameshazizoea.

Niliporudi nilituma orodha, pamoja na maelezo ya nilichokifanya na ombi la kusamehewa. Wiki zikapita bila kitu. Siku moja onyo likaondolewa, na bado sikupanda. Nikapanda taratibu, ukurasa wa nne, wa tatu, wa pili. Viazi vya masika vilipokuwa vinavunwa nilikuwa nimerudi ukurasa wa kwanza, si wa juu kabisa lakini naonekana. Sina hakika kilichonirudisha ni orodha ile, au ni kwamba niliandika upya kurasa zote nikisaidiwa na mtu anayejua. Aliye juu yangu sasa ni ukurasa mwingine wa wataalamu, na nimeusoma, ni mzuri. Sina kinyongo nao. Oili chafu ipo bado, ila imeshuka hadi kule nilikokuwa mimi.

Siku hizi kila mwanzo wa mwezi napitia linki zangu, kama saa moja hivi, na kikombe cha chai. Chafu huja zenyewe. Nyingi naziacha, maana nimejifunza kwamba mtambo unajua kuzipuuza, na kinachomwangusha mtu ni zile alizozitafuta kwa makusudi. Mpya za kweli nazisoma zote, kila neno, hata kama tovuti ina sura ya kutisha. Na hakuna ukurasa ninaouweka kabla mama wa Uyole hajaupitia. Mara nyingi ananirudishia ukiwa na masahihisho mengi kuliko maandishi.

Mwezi uliopita alikuja Iringa kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Jumamosi, kesho yake ndiyo sherehe, akaja kushinda dukani kwangu. Mume wangu alimtengea kiti alichokitengeneza wiki ile. Tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma alipoingia mfugaji wa Pawaga, akatuonyesha kwenye simu picha ya mbuzi mwenye makamasi. Tukaitazama wote wawili. Mimi nilisema jambo moja, mama akasema lingine, tukabishana, tukamuuliza yule bwana maswali hadi akachanganyikiwa.

"Samahani," alisema, akitutazama kwa zamu, "mtaalamu ni nani kati yenu?"

Mama alimwelekeza kwangu kwa gunzi la hindi lake. "Mwenye duka huyo. Mimi nimekuja kwenye kipaimara." Kisha akaniomba nimpishe kidogo, akaichukua simu ya yule bwana na kwenda nayo mlangoni kwenye mwanga, aitazame vizuri.