Baba amedai ubingwa msibani

Leo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikuwa Biharamulo, kumzika Mzee Sospeter, mpinzani wa baba kwenye mbio za magari enzi hizo.

Msoma wasifu akasema marehemu alikuwa bingwa wa taifa, msimu ule vita vya Kagera vilipoanza.

Baba akasimama na fimbo yake.

"Si kweli. Mimi nilikuwa mbele kwa pointi mbili. Raundi ya mwisho haikufanyika, magari yetu yalichukuliwa kubeba wanajeshi."

Mimi namvuta koti.

Mjane akasema taratibu, "Shemeji, kaa tu. Wa kubishana na wewe ndiye huyo unayemzika."

Akakaa.

Njia nzima hadi nyumbani Ngara baba analia. "Nani mwingine anajua kwamba niliongoza?"

Jamani, nimjibu nini?