Dirisha la Mgonjwa

Walimwita Bi Rula, wala hakuchukia. Msanifu majengo gani achukie rula? Nyumba zake zilikuwa na paa bapa na kuta nyeupe, bila hata ua moja la saruji. Majirani walimtania: "Bi Rula, hii imekwisha, au mafundi wameenda kula?" Naye aliwajibu kwamba nyumba si bibi harusi. Viti alivyobuni navyo vilikuwa na miguu myembamba, mpaka wageni wanene walikaa huku wakimwomba Mungu.

Lakini jengo alilolitamani kuliko yote lilikuwa wodi. Mama yake alifia katika wodi yenye madirisha ya juu, wiki sita akitazama ukuta. "Nigeuzeni nione nje," alikuwa akisema, na Bi Rula na mdogo wake wa kiume wakamgeuza huku na huku. Kote ukuta. Basi alipopewa kazi ya kuchora wodi mpya, madirisha aliyaanzisha sentimita hamsini kutoka sakafuni, chini ya usawa wa godoro, ili aliyelala aone miti. Ujenzi akampa mdogo wake, mkandarasi, aliyemlea mwenyewe tangu msiba ule. Nani mwingine angeelewa?

Kisha akavunjika mguu. Alilala nyumbani miezi minne, na kila Jumamosi mdogo wake alimletea matunda. "Pumzika, Dada. Kila kitu kinafuata mchoro."

Siku ya ufunguzi alipita chini ya jina lake lililoandikwa mlangoni, akaingia wodini na fimbo yake, wageni wakimfuata. Madirisha yalianzia kifuani mwake.

"Wakubwa wa hospitali walisema wagonjwa wataonekana na wapita njia," mdogo wake alinong'ona. "Nikayapandisha. Ulikuwa unaumwa, sikutaka kukusumbua."

"Kila Jumamosi ulikuja."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki Bi Rula alikuwa amekilisha kwa mkono wake. Kiliuma kuliko mguu.

Akakinyooshea fimbo kitanda cha kwanza. "Lala."

"Dada, watu wanatuangalia."

"Vua viatu ulale."

Mkandarasi akalala na suti yake.

"Unaona nini?"

Alitazama juu, akageukia ubavu huu, akageukia ule.

"Ukuta," akasema.

"Basi jina langu pale mlangoni kalifute leo hii. Mama asije akadhani ni mimi."