Choo Safi cha Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na tumbo gumu, akilalamika kila baada ya kula, na usingizini alisaga meno. Hapa Kabondo kila mama anajua hiyo ni minyoo. Nami nilijua, ila niliona haya, kwa sababu mimi ndiye mwalimu ninayewaimbisha watoto wa watu kunawa mikono.

Basi wauguzi wakaja shuleni kwetu. Walitaka kuona jinsi mwili wa mtoto unavyopigana na minyoo, hivyo wangepima damu na choo. Mtoto ambaye angeonekana na minyoo angepewa dawa palepale. Nikawageukia wamama wa wanafunzi, kifua mbele: "Kesho mulete batoto propre. Musitupatishe haya."

Kwetu usafi wa mtoto, hiyo propre, hauishii kwenye ngozi. Kuna poire, mpira mdogo unaojazwa maji ya majani ya dawa na kutiwa nyuma ili tumbo lioshwe. Wangu unaning'inia kwenye msumari bafuni. Jioni ile nilimlaza binti yangu mapajani, nikamwosha mpaka akatoa maji matupu. Alilia, nikamwambia hatuwapelekei wageni uchafu.

Asubuhi muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliinamia hadubini yake kutafuta minyoo katika choo. Mtoto wa kwanza hana kitu. Wa pili hana. Wangu hana. Mjinga mimi, nilitabasamu kana kwamba nimepewa zawadi.

Kisha akapima damu, akaniita.

"Madame, askari ya mwili ya huyu mutoto beko bengi sana mu damu. Beko banapigana na minyoo. Bale bengine pia, vilevile. Alors, choo yabo iko maji maji juu ya nini?"

Akamwinamia binti yangu na kumuuliza taratibu amekula nini jana.

"Mama alinitia poire," akasema. "Juu nikuwe propre."

Wamama hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Si Madame alituambia?" Kumbe wote walikuwa wamefanya vilevile. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi niliyezaa nilikuwa nimewafundisha wenzangu kuficha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Muuguzi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu hawezi kutoa dawa bila kujua ni minyoo gani, na tulichomletea ni maji yasiyoonyesha kitu. Turudi baada ya siku chache, bila poire. Watoto wote wakarudi nyumbani na minyoo yao.

Nilimbeba wangu mgongoni, ingawa ameshakuwa mzito. Tumbo lake gumu lilinigusa kiunoni kwa kila hatua. Damu yake ilikuwa imepigana peke yake muda wote huo, na mimi mama yake nilikuwa nimehangaikia macho ya watu.

Karibu na mlango wetu akaniuliza, "Mama, siku ingine naweza kwenda muchafu?"

Nikamjibu ndiyo, na nikashindwa kugeuka kumtazama.