Sindano Kabla ya Barua

Pale kituo cha afya wafanyakazi walimpachika mkunga wao jina la Mama Tarehe, maana hata umsalimie, atakuuliza mimba ina wiki ngapi. Ulikuwa utani, lakini wenye chanzo. Mwaka juzi alimsindikiza hospitali kubwa mama aliyeshikwa na uchungu kabla ya miezi yake kutimia. Sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ilikuwamo kabatini, ila mazoea ya kituo yalikuwa yale yale: watampa huko mbele. Huko mbele hawakufika. Mtoto alizaliwa garini, mikononi mwa mkunga, akahangaika kuhema kwa nusu saa, akakata roho. Mama Tarehe hakujisamehe.

Asubuhi moja akaletwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, kajishika kiuno kwa uchungu, mumewe nyuma na mkoba. Kwenye kadi yake ya kliniki, penye tarehe ya hedhi ya mwisho, mtu alichora alama ya kuuliza akaenda zake.

"Tarehe sikumbuki, dada," fundi alisema.

"Niambie basi ulikuwa unashona nini, ulipopata siku zako za mwisho."

Fundi aliwaza. "Sare za shule. Wiki ya kufungua muhula. Tumbo liliniuma nikashindwa kukaa kwenye cherehani."

Mama Tarehe alihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani: wiki thelathini na moja. Akachukua utepe wa kupimia nguo uliokuwa bado shingoni mwa fundi, akapima tumbo. Sentimita zikakubaliana na wiki, akaomba ile sindano ya mapafu.

"Andika barua ya rufaa tu, watampa huko mbele," mkuu wa kituo alisema. "Hizo ni wiki za cherehani. Tukikosea je?"

"Gari linakuja saa nane, mkuu. Mwaka juzi nilitii, na unajua nilichorudi nacho. Nikikosea, andika jina langu."

Mkuu akatoa ufunguo wa kabati mfukoni.

Saa nne kamili fundi alichomwa sindano ya kwanza. Mama Tarehe aliandika saa hiyo juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa, ili wenzake wa hospitali kubwa wasianze ubishi kabla ya kutoa sindano zilizobaki.

Siku mbili alishinda roho juu, akiangusha vitu. Siku ya tatu mume wa fundi akapiga simu.

"Kazaliwa jana, dada. Kadogo, kako kifuani kwa mama yake."

"Anahema vizuri?"

"Anahema? Analia mpaka wodi nzima imetuchoka."

Mama Tarehe alikaa, naye akalia, mchana kweupe, mbele ya wagonjwa. Mkuu, aliyejifanya hasikii, alifungua kabati, akatoa boksi la sindano zile na kulipeleka chumba cha kujifungulia, zisingoje ufunguo tena. Aliporudi alifunga kabati kama kawaida.