Roboti Aliyeongea kwa Sauti Yangu

Cheka ukitaka. Hata mchungaji wangu alicheka, tena akafunika mdomo kwa Biblia ili nisimwone. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, sokoni hapa Eldoret, na Mama Atieno anayechoma mahindi kando ya kibanda changu alikuwepo. Yuko hai, nenda umuulize. Tofauti ni kwamba yeye atatia chumvi, na mimi nakupa vile ilivyokuwa.

Kwanza ujue kazi yangu. Nauza toys za mtumba. Ukishatoa wanasesere na magari kwenye belo, lile furushi la mtumba, chini huwa kunabaki vitofali vidogo vya plastiki, vile vya kupachikana, rangi zote, vimechanganyikana. Nani ana muda wa kuvipanga? Mimi naviuza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi. Huku kwetu ni mahindi tu, kutoka Moi's Bridge mpaka Chepsaita, na hakuna mama asiyejua kipimo hicho. Na vile inafanywa kwa mahindi, mimi pia nafanya: mkebe ukijaa, kastoma anaongezwa konzi moja juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Usipompa nyongeza umemfukuza. Lakini akirudi kesho aseme mali ina kasoro, akaiweka mezani kwako, basi anarudisha mali na nyongeza yake yote. Hiyo ndiyo sheria ya soko, na hakuna mtu aliyeiandika.

Sasa, kibanda changu kimebanwa kati ya viatu na mapazia, huwezi kukiona mpaka ukifikie. Kastoma wangu huletwa na sauti. Sio kujisifu, Mungu alininyima kimo akanipa koo. "Gorogoro, gorogoro ya toys, mtoto atulie, mama apumzike." Nikiita hivyo, watu wa boda huko ng'ambo ya barabara wanageuza shingo. Hilo koo limesomesha watoto wangu, limelipa nyumba mtaa wa Pioneer, na Jumapili linaimba kwaya. Sina kingine. Shamba sina, mume nilimzika. Elewa hapo, halafu tuendelee.

Siku hiyo mchana mawingu yalishuka mpaka soko likawa giza, watu wakaanza kuwasha tochi za simu. Kisha mvua ya mawe. Unaijua mvua ya mawe ya Eldoret? Ikianza kupiga mabati, mtu aliye mbele yako unamwona midomo tu. Kila mtu alikimbilia chini ya paa. Mimi nilikuwa nahangaika kufunika mali na nailoni, na hapo ndipo nikamwona.

Mwanamume mrefu, koti la rangi ya majivu, amesimama nje kabisa mbele ya kibanda changu. Mawe yanamwangukia mabegani na kudunda, na koti ni kavu. Niamini, kavu kabisa, hata kola. Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini mwenye biashara akiona kastoma amekuja na mvua, unafikiri anaangalia koti?

"Mama, nipimie gorogoro moja," akasema. Na hapo pia ningeshtuka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa najisikia kwa kelele ya mabati, lakini yeye nilimsikia vizuri, kama tuko wawili tu jikoni.

Nikampimia, akalipa. Hakutaka mfuko. Alimwaga vitofali palepale mezani akaanza kuvipachika, na vidole vyake vilienda kama sindano ya cherehani. Kabla sijamaliza kufunga kona moja ya nailoni, nikamtambua aliyekuwa akijengwa. Alikuwa yule roboti wa sinema. Si unamjua? Mwekundu, kichwa cha mraba, mguu mmoja mfupi, taa ya kijani kifuani. Yule anayebeba watu kwenye mafuriko sinema nzima bila kusema neno, mpaka mwisho kabisa anaongea mara moja tu, na wazee wazima wanapangusa macho wakisingizia vumbi. Watoto wangu walimtazama kwenye simu yangu mpaka nikajua kila kitu anachofanya. Na huyu mtu alimjenga bila picha, bila kukosea, urefu wa kutoka kiwiko changu mpaka kwenye vidole. Mwisho akachukua kitofali cha kijani, kimoja tu, akakibandika kifuani.

Alikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Kama ningekuwa na wakati ningempongeza. Lakini mawe yalishapasua nailoni na mali yangu inalowa.

"Na nyongeza yangu, mama?" akauliza.

Mikono yangu imejaa nailoni, maji yananiingia mgongoni. Nikamjibu vile sisi wote tunajibu sokoni tukiwa na haraka: "Jichagulie mwenyewe, baba."

"Chochote ninachotaka?"

"Chochote. Chukua uende salama."

Alinyoosha mkono. Lakini haukwenda kwenye vitofali, ulikuja usawa wa shingo yangu, wala haukunigusa. Umewahi kutolewa mwiba wa samaki kooni? Ilikuwa hivyo, kitu chembamba kikivutwa polepole, hakiumi, lakini unajua kimetoka. Nikafungua mdomo nimuulize anafanya nini. Hakukuwa na sauti. Hata ya kukohoa haikuwepo.

Na yule roboti akageuza kichwa, akanitazama, akasema: "Gorogoro, gorogoro ya toys, mtoto atulie, mama apumzike."

Kwa sauti yangu. Mpaka ule mkwaruzo kidogo mwishoni ambao nilipata mwaka mmoja nilipougua homa. Pamoja na mabati yote yale kupigwa, soko zima lilisikia, kwa maana Mama Atieno aliitikia kutoka kwake: "Yawa, na mvua hii unaita nani?"

Mtu mwingine angezimia. Mimi nilikasirika. Unaniibia nikikuona, halafu unanijaribishia mali yangu mbele ya macho yangu? Nilimrukia yule roboti nikamshika kifuani. Yule bwana akavuta, mimi nikavuta. Roboti akabaki kwake, lakini kile kitofali cha kijani kikabaki kwangu, nimekikamata mpaka kimenichora kiganjani. Akamwingiza roboti kwenye koti, akaenda. Na mvua ikaisha palepale.

Mama Atieno mwanzoni alidhani namchezea. Alipoona machozi akaacha mahindi yaungue. Alininywesha tangawizi ya moto, akanigonga mgongo, akaomba kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Hakuna. Kesho yake niliketi kibandani kama mzigo uliosahauliwa. Wateja walipita hatua mbili kutoka kwangu wakiuliza wengine, "Yule mama wa gorogoro leo yuko wapi?" Nikanyoosha mikono, nikapiga mkebe na kijiko, lakini nani anageukia kijiko sokoni? Jioni, nyumbani, kitindamimba wangu akaniambia niombee chakula. Nililia juu ya sukuma wiki. Nilidhani nimekwisha, na sioni haya kukuambia.

Lakini kile kitofali sikukiachilia. Nilikifunga kwenye pindo la leso, nikalala nacho.

Yule bwana alirudi wakati mawingu yaliposhuka tena. Mchana, manyunyu yameanza, koti lilelile, mkavu vilevile. Alionekana amechoka. Alimtoa roboti akamsimamisha mezani kwangu, na nilipomsikia nikaelewa kwa nini amerudi. Roboti alikuwa akiongea bila kunyamaza, maneno yangu yote, bei, salamu, hata nyimbo za kwaya, lakini yalikuwa yakitoka kwenye lile shimo la kifuani, na kila neno lilikuwa dogo kuliko lililotangulia.

"Mali yako ina kasoro, mama," akaniambia. "Nipe taa. Sauti inamwagika. Ikiisha hapa, haitakuwa yake na haitakuwa yako."

Umesikia alivyosema? Na umeona alichofanya? Mimi niliona. Nilikuwa sina sauti, lakini miaka yote niliyouza sokoni nilikuwa nayo. Nilichukua gorogoro nikaigonga mezani, karibu na roboti. Nikamwonyesha roboti. Nikamwonyesha meza. Nikaonyesha koo langu. Yeye akajifanya haelewi, lakini Mama Atieno alishasogea na jiko lake la makaa, na mama yule anaelewa biashara hata usingizini.

"Wewe baba," akamwambia, "si umesema mali ina kasoro? Si umeiweka mwenyewe kwa meza yake? Basi umerudisha. Mali ikirudi, nyongeza inarudi. Hata mahindi ni hivyo."

"Nyongeza nilipewa kwa hiari," akasema.

"Kila nyongeza ni ya hiari. Wewe ulizaliwa soko gani?"

Mkono wake ukaenda mbio kumshika roboti. Mimi nilikuwa na mbio zaidi. Nilichukua koleo ya Mama Atieno, nikatoa kile kitofali kwenye leso, nikakibana, nikakishikilia juu ya jiko. Plastiki ikaanza kunuka. Ukingo ukaanza kulegea. Roboti akaita jina la mtoto wangu, kwa sauti yangu, ndogo sana sasa. Lakini mkono wangu haukushuka wala haukupanda. Tulitazamana hivyo, mimi na yule bwana. Nilimwambia kwa macho: nirudishie, au tukose wote.

Akateremsha mabega. Akafungua vidole mbele ya shimo la kifua, akapuliza kuelekea kwangu. Kitu cha moto kilishuka kooni, kama chai iliyonywewa kwa haraka, nikakohoa, na kikohozi kikasikika. Neno la kwanza nililosema lilikuwa "Mwizi". Nililisema kwa nguvu hivi kwamba watu wa viatu walitoka, watu wa mapazia walitoka, watu wa boda wakavuka barabara na mawe mkononi kabla ya kujua wanamtafuta nani.

Nikamtupia pesa zake, maana mali imerudi. Alipoziokota, maji yakaanza kumwagika kwenye lile koti, yote ambayo hayakuwahi kumlowesha, mpaka viatu vikajaa. Akaondoka akiburuza miguu. Hakuna aliyemgusa. Soko zima lilisimama likimwangalia, na mimi nilikuwa katikati ya soko nikiimba. Mama Atieno alipiga vigelegele mpaka akapoteza pumzi. Siku hiyo niliuza mpaka vitofali vikaisha, na walionunua wengi walikuja tu kunisikia nikitaja bei.

Roboti yuko hapa kwangu. Taa nilimrudishia mwenyewe, ingawa imekaa upande kwa sababu ya ule ukingo. Hajawahi kusema tena. Wengi wametaka kumnunua na siuzi. Lakini kuna jambo moja halijaniacha: nikiimba kanisani, wanakwaya hugeuka kutafuta ni nani anaimba chini yangu, sauti nene, karibu sana, kama ile iliyoniomba gorogoro kwenye mvua. Mwalimu wa kwaya ameacha kuuliza. Anasema wimbo umekuwa mtamu.

Kwa hiyo wewe unayeuza chochote, nyanya, viatu, maharagwe, nisikilize. Usiwahi kumwambia kastoma ajichagulie nyongeza. Hata kama mvua inakung'oa paa, weka kila kitu chini, mchotee kwa mkono wako, umwonyeshe, aseme ahsante. Hujui amekuja akitaka nini.

Mvua ya mawe ikirudi bado namwona, ng'ambo ya barabara, koti limelowa chepechepe, anaangalia huku. Sijifichi. Natoka nje ya kibanda, nanyoosha mgongo, namwita kama ninavyoita wengine wote: gorogoro, gorogoro ya toys. Soko zima linanisikia juu ya mabati. Yeye peke yake ndiye haji.