Nilivyowakwamisha Washenga Wangu Bandarini

Kosa ni langu, na leo simsingizii fundi yeyote. Nimechoka kulibeba peke yangu, halafu kila nikilikumbuka nacheka mpaka machozi.

Natunza seva za tiketi kwenye kampuni ya boti hapa Kigoma. Zile programu tulizochukua kwa watu wa nje zinataka kusasishwa kila mara. Mwenzangu Yusta alinisihi sana: "Dada, tumia zana hii. Inasasisha seva moja, unaiangalia, ikigoma inarudisha ya zamani." Nikamwona mwoga. Mimi nilikuwa na skripti yangu fupi, mistari michache ya amri niliyoiandika mwenyewe, inasasisha seva zote kwa mkupuo. Nilivyokuwa naipenda!

Siku hiyo washenga walikuwa wanakwenda kwetu Ilagala kupeleka posa yangu. Mwenyewe niliwaambia, "Pandeni boti yetu, haichelewi." Kichwa kimejaa harusi, nataka nimalize kazi niwahi nyumbani. Nikabonyeza.

Seva zote zikalala, hata ile ya akiba.

Bila orodha ya abiria boti haiondoki, na orodha imo humo humo. Kwenye dirisha la ofisi yetu hapo bandarini nikawaona washenga wangu, kanzu zimepigwa pasi, jasho linawatoka. Mchumba wangu akapiga simu kuuliza kuna nini. Nikamjibu, "Kuna fundi kaharibu." Akafuata baba: "Hao watu wako adhuhuri ikiwapita, nafunga mlango." Jamani! Posa yangu naivunja kwa kidole changu!

Yusta hakunicheka. Alirudisha programu za zamani, seva moja baada ya nyingine, mpaka boti ikang'oa nanga. Nami nikadandia bodaboda nikawatangulia.

Walifika wamechelewa, na mlango kweli umefungwa. Nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia mshenga mkubwa akibembeleza nje: "Tusamehe, mzee mwenzetu, kosa ni letu." Kosa lao lipi? Nikauma kanga, sijui nacheka au nalia. Baba akawaacha wasimame weee, ndipo akafungua.

Ninyi mnaotunza seva, msiniige. Chagueni zana inayojua kurudi nyuma, mjaribu kwenye moja kwanza, na siku ya posa yenu msiguse kitu.

Na wewe mume wangu, najua ukurasa huu haukupiti. Yule fundi mzembe unayemlaani kila tukienda harusini ndiye aliyekuandalia samaki wako mgebuka leo. Wahi kurudi, asije akala peke yake.